ESANSE HAIPASHWI MOTO



Likizo kubwa iko karibu, na kila mmoja anajua likizo kubwa ina maana gani kwa mtoto wa hapa kwetu. Si kulala. Ni kutafuta minervali ya mwaka unaofuata. Huyu atachoma matofali, yule atauzisha mafuta ya mawese kwa chupa, mwengine atabeba sambaza kutoka ziwani mpaka sokoni. Na kuna kundi moja linaloongezeka kila mwaka: wale wanaopika siraji nyumbani, ya viatu na ya simenti.

Mali yao ni kidogo. Vipande vya buji, nta ya nyuki kutoka kwa wazee wenye mizinga, masizi ya taa ili siraji iwe nyeusi, esanse ya kulainisha, na mikebe ya tomate iliyooshwa. Vumbi ya barabara zetu inawatafutia wateja bila kudai mshahara. Mimi ninaisifu kazi hiyo. Tuko na wenzetu hapa shuleni ambao benchi wanayokalia imelipwa na siraji, na hawana sababu ya kuficha.

Lakini namna inavyofanyika ndani ya majiko mengi, hapana. Mbabula iko chini, sufuria iko juu ya makala, nta inayeyuka. Kisha mtu anashika chupa ya esanse na kuimimina ndani ya sufuria ambayo ingali juu ya moto, “ili ichanganyike muzuri”. Na mlango umefungwa. Ukiuliza kwa nini umefungwa, wanajibu: “Juu majirani wasione siri yetu.”

Wajumbe wa madarasa walipozungumza jambo hili tuligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema: shule ikataze kabisa, na mwanafunzi atakayeonekana na siraji ya kupika afukuzwe siku tatu. Upande wa pili ulisema: wakubwa wetu walifanya vile, nao wako wazima, tuache kuogopesha watoto. Mimi siko wa upande huu wala wa ule. Wa kwanza wanataka kuua kazi njema juu ya kosa lililomo ndani yake. Wa pili wanataka kulinda kosa juu ya kazi iliyo njema. Nasema hivi: hakuna siraji hata moja duniani inayohitaji esanse ikutane na moto. Hata moja. Nitajaribu kuonyesha.

Kwanza tujue ni kitu gani kinachowaka. Wengi wanadhani esanse ndiyo inayowaka, ile ya maji-maji unayoiona ndani ya chupa. Sivyo. Kinachowaka ni mvuke wake, ule usiouona. Kama huamini, washa buji leo jioni mahali pasipo upepo, uiache dakika chache, kisha uizime kwa kupuliza. Utaona uzi wa moshi mweupe unapanda kutoka utambini. Sogeza kiberiti kinachowaka juu ndani ya uzi ule, bila kugusa utambi. Moto utaruka na kushuka kwa njia ya moshi mpaka utambini, na buji itawaka tena. Moshi ule mweupe ni nta iliyogeuka mvuke. Michael Faraday, mtaalamu wa Uingereza aliyekuwa mtoto wa mhunzi na aliyeanza maisha kwa kufunga vitabu, alionyesha jambo hilo kwa vijana huko London. Katika siku za Noeli za mwaka 1860 aliwapa masomo sita, yote juu ya buji moja tu. Masomo sita! Na sisi tunao buji kila usiku ambapo umeme umekatika, hatuiulizi swali hata moja.

Sasa, kila kitu cha maji-maji kinachowaka kina digri yake ambapo kinaanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto ukikisogelea na ulimi wa moto. Mwalimu wa shimi ametuandikisha jambo hilo, na wengi tumelikariri kwa ajili ya egzameni kisha tukalisahau mlangoni. Mimi naiita digri ya kushika moto. Mafuta ya mawese yanataka kupita digri 200 kabla ya kufika hapo. Mazutu inataka kupita 50. Petroli ya taa inataka kama 38 au zaidi. Terebentini, kama 35. Alkoli safi, kama 13. Na esanse? Esanse iko karibu digri 40 chini ya sifuri. Soma tena: chini ya sifuri. Maana yake hakuna asubuhi hata moja hapa Kivu, hata ile ya baridi kali ya mwezi wa saba, ambapo esanse haiko tayari. Wewe unaipasha moto ili uifanye nini? Imekwisha kuwa tayari tangu ilipotoka kwa muuzaji.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu kuna mtego ambao hata watu wenye akili wanauingia. Mtu akisikia maneno haya atasema: basi, nitaacha esanse, nitatia petroli, yenyewe haina ukali. Ni kweli kwamba petroli baridi ina upole. Njo maana taa zetu hazituuwi kila jioni. Lakini nta ya nyuki inayeyuka kwenye digri 62 mpaka 64. Ukimimina petroli ndani ya nta iliyoyeyuka, petroli hiyo inapata joto la nta. Inapita 38. Na ikiisha kupita, haiko tena petroli ile ya upole uliyoizoea. Imepata tabia ya esanse, na iko ndani ya sufuria iliyo wazi, juu ya makala mekundu. Terebentini ni vilevile. Kwa hiyo kubadilisha chupa hakukusaidii ukiwa hukubadilisha mahali pa moto.

Tena petroli unayoinunua katika chupa kando ya barabara hujui imechanganywa na nini. Uingereza waliliona tatizo hilo zamani, wakati petroli yenye mchanganyiko wa esanse ilipokuwa inapasua taa za watu. Mtaalamu wao Frederick Abel akatengeneza chombo cha kupima digri ya kushika moto, na sheria ya mwaka 1879 ikaamuru kipimo hicho. Sisi hatuna chombo cha Abel pale tunaponunulia, tuko na pua tu. Basi kila petroli isiyojulikana tuihesabu kama esanse.

Jambo la pili ni mwendo wa mvuke. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, mara 3 mpaka 4. Haupandi kama moshi wa kuni. Unashuka, unatambaa chini kama maji, unaingia chini ya mlango, unatafuta mahali pa bonde. Vitabu vya wazungu vinaonyesha jiko lililo juu ya meza. Jiko letu liko wapi? Liko chini. Mbabula inakaa palepale ambapo mvuke unakwenda kulala. Kama mtu angetaka kujenga mtego wa makusudi, asingeujenga vizuri zaidi ya vile: chupa iliyo wazi pembeni, sakafu yenye kuteremka kidogo, na makala yanayongoja chini. Na makala hayahitaji ulimi wa moto. Kuwa mekundu kunatosha.

Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa mbali na esanse, moto ukamfuata alipo. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, katika barabara ya kutoka Bukavu kwenda Uvira, kamyo ya esanse ilianguka, esanse ikamwagika. Watu walikaribia. Moto ulipowaka, walikufa watu zaidi ya 230. Si wale tu waliokuwa na bidoni mikononi. Wengine walikuwa ndani ya nyumba zao, wengine ndani ya nyumba za sinema wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Tangu siku ile wengi katika majimbo yetu wanalia wakitaja jina Sange, kisha jioni wanaweka chupa ya esanse karibu na mbabula. Mimi silielewi jambo hilo. Tunadhani kamyo ni hatari na chupa si hatari, kana kwamba esanse inahesabu lita kabla ya kuwaka.

Sasa wale wa “wakubwa wetu walifanya vile nao wako wazima”. Siwacheki, kwa maana wanasema kweli: wako wazima. Lakini waulize ni kitu gani kilichowaokoa. Mvuke wa esanse hauwaki ukiwa mdogo sana ndani ya hewa, wala ukiwa mwingi sana. Unawaka ukiwa kati ya sehemu 1 na nusu hivi na sehemu 7 na nusu hivi katika kila sehemu 100 za hewa. Fundi aliyepika mara 20 mlango ukiwa wazi, upepo wa ziwa ulikuwa unaingia na kufagia mvuke kabla haujafika sehemu 1 na nusu. Hakuokolewa na ufundi, aliokolewa na upepo. Mara ya 21 mvua inanyesha, mama anasema “funga mulango, batoto basisikie baridi”, na upepo haupo. Sufuria ni ileile, mkono ni uleule, maneno ya kujisifu ni yaleyale. Hesabu ndiyo imebadilika. Kisha majirani watasema ni mkono wa mtu mbaya, au ni mapenzi ya Mungu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, mwenye kujenga nyumba anaamriwa kuzungusha ukuta mdogo juu ya dari, ili mtu asianguke kutoka pale na damu ikawa juu ya nyumba ile. Kwa hiyo Mungu hataki kusingiziwa mambo ambayo fundi angeweza kuyazuia.

Nimekwisha kusema sana juu ya ubaya. Tuje kwa kazi yenyewe.

Njia ya kwanza haina moto kabisa, na ninashangaa kwamba watu wachache wanaijua. Kwaruza nta ya nyuki iwe vipande vyembamba kama maganda ya penseli. Itie ndani ya mkebe pamoja na terebentini, kadiri ya sehemu 1 ya nta kwa sehemu 3 za terebentini, funga kifuniko kabisa, weka nje mahali pa kivuli, mbali na jiko na mbali na watoto. Tikisa kila siku. Baada ya siku chache nta imekwisha kulainika na kuyeyuka yenyewe, una siraji. Hakuna makala yaliyonunuliwa. Kinachohitajika ni subira. Na si siraji tu: mpira mbichi wa kutengeneza kole ya viatu unayeyuka ndani ya esanse baridi ukiuacha usiku, gomu-laki ya seremala inayeyuka ndani ya alkoli baridi vilevile. Watu wanapasha moto kwa sababu wana haraka. Haraka ya usiku mmoja tu! Mtu anangoja mwaka mzima kwa ajili ya palmaresi, hawezi kungoja kole mpaka kesho.

Njia ya pili ni kwa wale wenye kutumia buji nyingi, kwa sababu buji haiyeyuki vizuri katika baridi. Hapa moto unaruhusiwa, lakini moto wa maji. Weka sufuria kubwa yenye maji juu ya mbabula. Ndani ya maji weka mkebe wenye nta, ukikalia jiwe dogo usiguse chini ya sufuria. Nta isipande juu kuliko nusu ya mkebe. Maji hayawezi kupita digri yake ya kuchemka, na hapa juu milimani ni chini ya 100. Bukavu iko kama metre 1 500 juu ya bahari, na maji yanachemka kwenye digri 95 hivi. Basi nta yako haiwezi kupita pale, hata mtoto akiongeza makala ukiwa umegeuka. Moto wa wazi haukupi ulinzi huo: nta ikiwa moja kwa moja juu ya makala itapanda mpaka ianze kutoa ule moshi mweupe wa Faraday, na moshi ule unakwisha kuujua.

Wakati wote huo chupa ya terebentini iko wapi? Haiko jikoni. Iko nje, upande mwengine wa nyumba, imefungwa. Nta ikiisha kuyeyuka, toa mkebe kwa kitambaa kikavu au koleo, uubebe kwenda nje, hatua 20 au zaidi kutoka kwa moto wowote, mahali ambapo upepo unatoka kwako kwenda mbali na nyumba, wala usiwe juu ya mteremko unaoelekea jikoni. Pale uuache upoe. Ukiona pembeni mwa mkebe nta inaanza kugeuka nyeupe, ndiyo saa. Sasa mimina terebentini kidogo-kidogo, ukikoroga kwa kijiti. Hakuna taa, hakuna sigara, hakuna simu masikioni. Ikiganda mapema kabla ya kuchanganyika, usiirudishe juu ya makala! Chota maji ya moto kutoka jikoni, uyalete nje ndani ya beseni, na uweke mkebe ndani ya beseni. Katika sheria yote ninayoiandika hapa, kama karatasi ya gazeti letu ingekuwa na nafasi ya mstari mmoja tu, ningeandika huu: maji ya moto ndiyo yanayoifuata siraji nje, siraji haiyafuati maji jikoni.

Na kazi hiyo ifanyike mchana. Usiku unahitaji taa, na taa ni moto.

Kuhusu esanse, ninaomba tuiache kabisa katika siraji. Ni rahisi kupata, najua. Terebentini ni bei, najua vilevile. Lakini yule asiyeweza kununua terebentini ana njia ya tatu, na hii mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa siraji ya simenti.

Njia ya tatu ni siraji ya maji. Nta ya nyuki ina asidi ndani yake, na asidi ya nta inapokutana na maji ya majivu inakuwa namna ya sabuni, na sabuni hiyo inashika nta iliyobaki ili isiachane na maji. Mama zetu wanajua maji ya majivu toka zamani, wanaokamua chumvi yake kwa kupikia. Chuja majivu ya majani ya ndizi au ya kuni kwa maji mpaka upate maji ya rangi ya chai hafifu yenye kuteleza vidoleni. Yachemshe, tia sabuni kidogo iliyokwaruzwa, kisha nta iliyokatwa, ukikoroga mpaka yawe kama maziwa mazito. Toa motoni, endelea kukoroga mpaka yapoe. Ndani ya sufuria hiyo hakuna kitu kinachotoa mvuke wa kuwaka, kwa hiyo unaweza kuipika hata mama akiwa anapika sombe pembeni. Mambo matatu tu uyakumbuke. Maji ya majivu yanauma macho. Yanakula aluminiyomu, kwa hiyo usiazime sufuria ya nyumbani. Tafuta mkebe wa chuma au chombo cha enameli. Na buji ya kawaida, ile ya parafini, haikubali kazi hii, kwa sababu parafini haina asidi ya kugeuka sabuni. Lazima iwe nta ya nyuki. (Wenzangu wa shimi-biolojia, swali hili linafaa sana kwa egzameni. Nimewapa bure.)

Siraji ya maji inachelewa kukauka, na haing'ai kama ile ya terebentini siku ya kwanza. Lazima uisugue kwa tambara baada ya kukauka. Watu watasema haina harufu ya siraji. Ni kweli, lakini simenti haina pua.

Sasa, kama pamoja na hayo yote moto umeshika sufuria ya nta. Wengi wanakimbilia ndoo ya maji, na hapo ndipo wanapoungua. Maji yanazama chini ya nta yenye moto, yanageuka mvuke mara moja, na lita 1 ya maji inatoa mvuke wa lita 1 700 hivi. Mvuke ule unarusha nta inayowaka mpaka darini. Usitie maji. Usibebe sufuria inayowaka kuitoa nje, kwa maana utaimwaga juu ya miguu yako mlangoni. Funika. Kifuniko kikubwa kuliko sufuria kiwe tayari mkononi kabla hujawasha makala, na ukisukume kutoka upande wako kwenda mbele ili moto usikupande usoni. Ukiisha kufunika, usifunue kutazama kama umezima. Acha upoe kabisa. Mchanga mkavu ndani ya ndoo ni kwa kile kilichomwagika chini. Kama moto umekamata dari, ondoka na uite watu. Sufuria inauzwa sokoni.

Nguo ikishika moto, usikimbie. Kukimbia ni kupepea. Lala chini, ujibingirishe. Mahali palipoungua patiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, na si dawa ya meno, si mafuta, si yai, si ugali. Najua nyumbani kwetu karibu sote tulipakwa dawa ya meno. Dawa ya meno inafungia joto ndani, na muuguzi atalazimika kuikwangua akitafuta ngozi. Kidonda kikiwa kikubwa kuliko kiganja, au kikiwa usoni au mikononi, kwenda kituo cha afya si jambo la kungoja kesho.

Ninarudi kwa wale wanaotaka shule ikataze. Ninaheshimu hofu yao, lakini tuangalie matunda yake. Minervali itabaki kudaiwa, makatazo yasiilipe hata franka moja. Mwanafunzi atapika tu. Tofauti ni kwamba atapika usiku, na kwa kuogopa kushtakiwa atafunga mlango na dirisha, naye atafunga mvuke pamoja naye. Atakuwa amefanya hasa yale ambayo hesabu ya sehemu 1 na nusu inayangoja. Na kama ataungua, ataficha kidonda ili asifukuzwe. Katazo la namna hiyo lingetufanya tuonekane shule safi, na lingeleta watoto wetu karibu zaidi na moto. Afadhali mwalimu asimame uwanjani na mkebe mkononi, watu wote waone.

Kitu kimoja ningekikataza bila huruma: esanse ndani ya internati. Hata nusu chupa, hata “ni ya kuondoa doa ya koti tu”. Katika dortwari tunalala wengi chini ya chandarua, na mlango ni mmoja.

Darasa letu limekwisha kuandika barua kwa Bwana Prefe kumwomba alasiri moja ya Jumatano kabla ya likizo, na mwalimu wa shimi amekubali kusimamia ikiwa ruhusa itatoka. Tutafanya njia ya pili na ya tatu, uwanjani nyuma ya laboratwari, upande usio na jiko la shule. Termometri ya laboratwari itawekwa ndani ya maji ili kila mtu asome mwenyewe digri ya kuchemka ya hapa kwetu. Tunakosa bado mikebe 6 ya maziwa yenye vifuniko, sufuria moja ya zamani, ndoo ya mchanga, na nta kadiri ya kilo moja. Majivu yapo tele. Mwenye kitu kati ya hivyo akilete kwa mjumbe wa darasa la tatu humanite, shimi-biolojia, kabla ya Jumatatu. Esanse msilete.

Mwanafunzi wa mwaka wa 3 humanite, shimi-biolojia